Kitenge cha Mama Kinanukia

"Kinanuka mwanaume!" Shangazi Nyanzala alikuwa anapiga kelele, kitenge cha mama amekiinua juu kama bendera ya shule. "Nusa, Ponsian! Nusa mwenyewe, usije ukasema mimi mzushi!"

"Mwanaume wa wapi ananukia hivyo?" Mama naye sauti ilishapanda mpaka kuku wakatoka chini ya meza. "Nyie mna mwanaume hapa Misunkumilo anayenukia vizuri? Nitajieni mmoja. Mmoja tu, wifi, na mimi nimwone!"

"Utaratibu!" Baba mdogo Ponsian akagonga meza. "Shemeji, huongei mpaka nikuruhusu."

"Uniruhusu ndani ya nyumba yangu?"

"Ndiyo hiyo tunayoijadili. Kama bado ni yako."

Hapo mama akanyamaza, na mama yangu huwa hanyamazi. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye gunia la mahindi karibu na mlango, jasho linanitoka, maana katika watu watano waliokuwemo mle ndani, mmoja tu ndiye aliyekuwa anajua kile kitenge kinanukia nini. Na huyo mmoja alikuwa mimi.

Ngoja nikupe picha vizuri. Ilikuwa Jumapili, mwaka tisini na sita, tumetoka misa ya kwanza, hata uji hatujanywa. Baba yangu, mzee Salvatori, ni mfuga nyuki. Siyo wa kubahatisha, mfuga nyuki hasa, anachonga mizinga ya magogo mwenyewe, anaibeba porini na kuitundika juu ya miti. Mwaka ule alichonga mipya kumi na miwili. Akaenda kuitundika, akakaa huko kambini wiki tatu, na Jumamosi akarudi uso umemshuka. Hakuna kundi hata moja lililoingia. Kumi na miwili, sifuri. Hata mimi kwenye mtihani wangu wa form four nilipata kitu.

"Wanakuja," baba alituambia siku ile anarudi. "Wanaingia, wanazunguka humo ndani, wanatoka. Kama watu walioonyeshwa nyumba ya kupanga wakakuta ina mgonjwa."

Sasa kwetu kuna mwiko. Mwanaume akiwa na mizinga mipya porini, mke wake hajipaki kitu cha kunukia. Hata sabuni ya kuogea inafungiwa kwenye kopo, watu wanaogea ya mche. Na zaidi ya hapo, mke atulie. Akihangaika na mtu mwingine, nyuki wanajua na hawaingii. Usiniulize wanajuaje. Mwiko ndivyo ulivyo, na shangazi Nyanzala, dada yake mkubwa baba, ndiye anayeutunza kuliko katekista anavyotunza funguo za kanisa.

Kwa hiyo baba amerudi, mizinga mitupu, anaingia chumbani anakuta kitenge cha mke wake kinanukia marashi. Na mama hajawahi kununua marashi tangu azaliwe. Baba yeye hakusema kitu, alikaa tu. Shangazi ndiye aliyekuja kusalimia, akanusa, akaitisha kikao. Na tayari alishaulizia lori la Inyonga, linaondoka Jumanne. Inyonga ndiko kwao mama. Akipanda lori lile na sanduku lake, basi, ndoa ya miaka ishirini na mbili imekwisha.

"Kitenge hicho kafua Methu," mama akasema, sasa hivi taratibu. "Nilikikuta kwenye kamba kinanukia vizuri, nikakivaa. Muulizeni sabuni aliyotumia."

Wote wakanigeukia. Mimi naitwa Methusela. Wakati ule nilikuwa na miaka kumi na tisa na jina la mtu wa miaka mia tisa, watu wakiniita wakaniona wanacheka.

"Methusela," baba mdogo Ponsian akasema kwa sauti ya kikao. Aliwahi kuwa balozi wa nyumba kumi, hajapona mpaka leo. "Kijana, umesoma. Ulifua kwa sabuni gani?"

Nikafungua mdomo, ukweli uko hapa kwenye ulimi kabisa.

"Ya mche," nikasema. "Ile ya kawaida."

Mama aliniangalia. Sitaki hata kuelezea alivyoniangalia.

"Mmesikia!" Shangazi akapiga makofi. "Damu yake mwenyewe imesema!"

Sasa wewe utaniona mimi mshenzi. Subiri kwanza.

Kuna mshikaji wangu anaitwa Didace, kwao Katumba, nilisoma naye. Babake aliwahi kumpikia padri mmoja wa kizungu, na yule padri alipohama alimwachia kitabu cha Kifaransa chenye picha za mimea. Didace alikuwa ananisomea. Nusu alikuwa anasoma, nusu nadhani alikuwa anabuni. Siku moja akafungua ukurasa nikaona picha ya majani, nikasema, haya si yale ya shambani kwetu Magamba? Yale ya vetiva, aliyopanda bwana shamba kwenye mteremko, mistari mitatu, udongo usishuke na mvua? Yale ambayo hata mbuzi hayataki?

"Ndiyo," Didace akasema, "lakini thamani siyo majani, bwana. Ni mizizi. Mizizi yake ina mafuta. Wazungu wanayaweka kwenye marashi ya bei mbaya, maana yanashika zile harufu nyingine zisikimbie. Yakikaa mahali, yamekaa."

Nakuambia, kichwa kiliwaka. Mwaka mzima nimekaa nyumbani naambiwa nijifunze nyuki, na mimi nyuki siwataki, wakiniona tu wanaanza na kope. Nikaona njia: natengeneza kichupa, napanda treni ya Tabora, naunga mpaka Dar es Salaam, namtafuta Mhindi wa marashi, nimetoka.

Tukang'oa, shina moja tunaacha moja. Mizizi ya vetiva inaenda chini hujapata kuona, unachimba mpaka kiuno kinazama na bado haijaisha. Tukakata mizizi, vishina tukavirudishia ardhini, vikashika vizuri tu, bwana shamba mpaka leo hajui. Lakini mizizi inatakiwa ikauke kivulini siku nyingi, na baba alikuwa bado hajaondoka. Nitaificha wapi?

Stoo kulikuwa na mizinga mipya kumi na miwili. Gogo lenye uwazi ndani, kifuniko huku na kifuniko huku. Kavu, giza, na hakuna anayefungua.

Eeh. Ndiyo hivyo. Niliijaza mizizi mizinga yote kumi na miwili, ikakaa humo wiki mbili. Siku moja kabla baba hajaibeba nikaitoa, nikaipangusa ndani kwa kitambaa nikajiona fundi.

Baba alipoondoka, na mama anashinda Magamba analima, mimi na Didace tukapika. Debe moja, maji, mizizi tumeikatakata, mfuniko una tundu, kwenye tundu mrija wa shaba tulioazima kwa mama mmoja muuza gongo, simtaji. Mrija unapita kwenye beseni la maji ya baridi, mvuke unageuka matone. Mahali mrija unapoingia kwenye debe mvuke ulikuwa unatoroka, tukaziba kwa udongo, bado unatoroka, nikachukua kitambaa kilichokuwa karibu nikakizungushia nikakaza.

Ndiyo, kitenge.

Siku tatu tunapika, tumepata kichupa kimoja cha sindano ya penisilini, na hakijajaa. Mafuta mazito, rangi ya asali. Harufu yake sijui nikwambieje. Kama vumbi la njiani mvua ya kwanza ikishuka, na moshi kidogo, na mti uliopasuliwa leo. Kitenge nikakifua mara nne kwa sabuni ya mche, nikakianika. Mama alipokitoa kwenye kamba alikinusa, akacheka peke yake, akajifunga. Kesho yake tena. Nikamwona anaenda kisimani anatembea kama bi harusi. Nikasema moyoni, wacha afurahi, itatoka tu.

Haikutoka. Yakikaa mahali, yamekaa.

Haya, turudi kwenye kikao.

"Salvatori," shangazi akamwambia baba, "sema neno. Jumanne lori linaondoka. Mwanamke achukue sanduku lake, na sisi tukawasafishe nyuki."

Baba alikuwa amekaa anaangalia mikono yake. Ni mtu wa porini, maneno kwake ni kama sukari, anaweka kwa kijiko. "Nyuki hawajaingia," akasema tu.

Mama akasimama. Hakulia. Akaingia chumbani, tukasikia sanduku la bati linavutwa kwenye sakafu. Lile sanduku lina mlio mbaya sana, nakuambia. Lilifika katikati ya chumba nikashindwa.

"Ni mimi!" nikasema. Nadhani nilipiga kelele, maana kuku walitoka tena. "Kitenge kinanukia majani!"

Baba mdogo Ponsian akagonga meza: "Hukuomba nafasi."

"Majani ya vetiva, baba mdogo! Mizizi yake! Nimeipika, nikafungia debe kwa kitenge cha mama!"

"Majani yale ya bwana shamba?" Shangazi akacheka mpaka akashika mbavu. "Yale ambayo mbuzi anayapita kama hayaoni? Ndiyo yamegeuka marashi? Masikini, mtoto anamfichia mama yake. Methu, umepangwa, na waliokupanga hawajui kupanga."

"Nina ushahidi." Nikatoa kichupa mfukoni.

Hilo nalo lilikuwa kosa. Shangazi alikipokonya, akafungua kizibo, akanusa, akamnusisha Ponsian. "Haya! Si ndiyo yenyewe? Marashi ndani ya chupa! Majani yanazaa chupa? Huyo mwanaume mwenyewe ndiye aliyeileta, na mtoto amehongwa!"

"Kikao kinapokea chupa kama kielelezo," baba mdogo akasema, akaiweka mezani mbele yake, akaizungushia kiganja kama ina miguu.

Mama alikuwa amesimama mlangoni pa chumba, mkono uko kwenye mpini wa sanduku. Ananiangalia, lakini siyo kama mwanzo.

Nikatoka mbio mpaka banda la kuku. Kulikuwa na kitita cha mizizi kilichobaki, nilikichomeka kwenye paa. Nikarudi nacho, nikachukua birika la maji ya moto ya chai, nikatupa mizizi kwenye beseni, nikamimina.

"Tulikuwa tunasubiri chai," baba mdogo akasema.

"Subirini," nikasema.

Mizizi mikavu ina harufu ndogo, lakini ukiilowesha maji ya moto inaamka. Mvuke ukapanda taratibu, ukatambaa kwenye meza, ukamfikia baba mdogo akapiga chafya mbili. Ukamfikia shangazi, akafunga mdomo. Mimi nikasukuma beseni mpaka miguuni kwa baba.

Sasa pua ya mzee wangu siyo ya mchezo. Akiwa amesimama barabarani anakuambia nyuki wamekula maua gani kule Magamba. Akainama, akavuta hewa, akafunga macho. Akachukua kitenge mkononi kwa shangazi, akakinusa. Akainama tena kwenye beseni.

"Ndiyo hii," akasema.

Mama aliachia mpini wa sanduku, ukalia *kwaa*. Mimi nikapumua. Nikasema asante Mungu, yamekwisha, nimemwokoa mama na lile la pili halijajulikana.

Baba bado alikuwa ameinama.

"Ndiyo hii," akarudia. "Ndiyo iliyokuwa kwenye mizinga."

Wewe, nilitamani paa linidondokee.

"Nilipokuwa natundika niliisikia," anasema taratibu, kama anaongea na beseni. "Nikafikiri ni mti wenyewe. Mti wenyewe haunuki hivi. Methu. Mizizi uliikaushia wapi?"

Niliangalia mlango wa stoo tu, yeye akaangalia nilikoangalia.

"Yote kumi na miwili?"

"Yote, baba."

Shangazi akaanza kuniapiza kwa lugha ya nyumbani, maneno mengine ndiyo kwanza nayasikia. Baba mdogo akawa anagonga meza anasema ajenda imebadilika, ajenda imebadilika. Baba akainua mkono wote wakakaa kimya. Akamgeukia mama.

"Basi, Mama Methu," akasema. "Yamekwisha."

"Yamekwisha nini?" mama akauliza.

"Hayo. Tumejua. Rudisha sanduku."

"Nirudishe sanduku." Mama akaja mpaka mezani, mikono kiunoni. "Baba Methu, miaka ishirini na mbili. Kila msimu ukienda porini mimi naogea sabuni ya mche mpaka ngozi inakuwa kama ya mjusi. Harusi ya jirani yetu Emelyne nimeenda nanuka moshi, wenzangu wote wamejipaka. Leo nimekaa hapa nanuswa kama nyama ya juzi sokoni Kashaulili, na wewe umekaa unaangalia vidole. Halafu unaniambia yamekwisha?"

Baba akajikuna shingo. "Sasa... unataka nisemeje?"

"Wewe usiseme. Ponsian, naomba nafasi."

Baba mdogo hakuitegemea hiyo. "Eeh... nafasi imetolewa, shemeji."

"Asante, mwenyekiti." Na mama akanyoosha mkono akaichukua ile chupa pale mbele ya Ponsian.

"Wifi, usithubutu!" Shangazi akasimama. "Mizinga iko porini! Ukipaka, mwezi mzima mwenye mizinga haruhusiwi kugusa mzinga!"

"Mimi si nimeshapaka, wifi? Si ndivyo kikao kilivyosema? Basi na mimi nipake niione raha yake."

Akapaka. Kwanza shingoni, huku na huku. Nyuma ya masikio. Mikono mpaka kwenye kiwiko. Ninahesabu matone nauona usafiri wangu unaisha, Tabora hiyo imeondoka, Dodoma, Morogoro, tone la mwisho akalipaka kwenye nyusi. Shangazi akamrukia amnyang'anye, wakashikana, mama akampangusia viganja kwenye kilemba chote. Baba mdogo akaingia katikati kuamua, "Utaratibu! Utaratibu!" na koti lake la misa likapata lake mgongoni. Halafu mama akaenda kwa baba, akamshika mashavu kwa mikono miwili, polepole, kama anamwangalia homa. Baba akabaki amekaa, macho yamemtoka.

Nyumba nzima sasa inanukia mvua ya kwanza.

"Haya," mama akasema, akakaa, akajifunga kitenge chake. "Nani anaenda porini kuifuata mizinga?"

Hapo ndipo walipoelewa. Mizinga ile ikibaki vile juu ya miti, makundi yatapita msimu utaisha. Lazima ishushwe, ichomwe ndani kwa moto, ipakwe nta mmoja mmoja. Baba hawezi, mwezi mzima. Ponsian ananukia. Shangazi, hata angekuwa mwanaume, ananukia kuliko wote, na mafuta yenyewe ndiyo yale ya kukaa mahali yakakaa. Wakatazamana. Halafu, polepole, wote wanne wakanitazama mimi.

"Na mimi nanukia!" nikasema. "Nimepika siku tatu! Mimi ndiye kiwanda!"

"Kijana ana hoja," baba mdogo akasema.

"Hana," baba akasema. Nakuapia, kulikuwa na kitu kinamcheza pembeni ya mdomo, na mkono wake ulikuwa bado uko shavuni, pale mama alipomshika. "Methu, chota majivu, nenda mtoni ukajisugue. Ukimaliza nenda kwa Makoye, yule Msukuma mfugaji, mwambie nimekutuma. Utalala zizini, katikati ya ng'ombe. Siku saba. Wasukuma hawana marashi zizini."

"Zizini, baba?"

"Siku ya nane akija mtu akasema unanuka ng'ombe, unachukua panga na nta, unaenda porini. Kumi na miwili. Ukirudi nitakufundisha kulinda kope zako."

"Na treni?" Ilinitoka tu.

"Treni gani?" mama akauliza.

"Hakuna, mama."

Aliniangalia kidogo. Akavuta beseni lenye mizizi miguuni kwake, akachovya kona ya kitenge humo ndani, akakamua, akanusa. "Mizizi hii," akasema, "imebaki mingine kule Magamba?"

"Tulikuwa tunaacha shina moja moja."

"Vizuri. Nenda."

Nikachota majivu jikoni kwenye kopo la sabuni, lile lile la kufungia sabuni ya kunukia. Nikapita katikati yao. Shangazi alikuwa amevua kilemba anakishika kwa vidole viwili mbali na pua, halafu nikamwona anakisogeza karibu kidogo, ananusa, anakiweka mbali tena. Baba mdogo alikuwa anauliza kama kikao kimefungwa.

"Methu!" mama akaniita nikiwa nimeshaweka mguu nje.

Nikageuka. Nikadhani ataniambia pole.

"Funga mlango. Harufu isitoke."

Nikatoka, nikafunga mlango.